Konsoli Milioni Ngapi, na Zimeuzwa kwa Nani?

Kila kampuni kubwa za michezo ya video zinapotoa ripoti zao za fedha, tunapokea barua nyingi zinazohusu takwimu za konsoli (mashine za kuchezea michezo hiyo), na nyingi kati yake huzunguka jambo lile lile. Katika toleo hili tunazijibu tano kwa pamoja. Maswali tumeyafupisha bila kugusa maana yake.

Swali: Mimi na kaka yangu tunabishana kuhusu habari za Aprili 2014. Sony ilitangaza kwamba PlayStation 4 zimepita milioni 7, na siku moja baadaye Microsoft ikatangaza kwamba Xbox One zimepita milioni 5. Kaka anasema hesabu ni nyepesi, Sony iliongoza kwa milioni 2. Mimi nasema takwimu hizo hazilinganishiki, kwa sababu moja ni ya konsoli zilizouzwa na nyingine ni ya konsoli zilizosafirishwa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe ndiye uliye sahihi, ingawa kaka yako naye hakukosea kuhusu aliyekuwa mbele. Rudieni matangazo yenyewe, mkiacha kando vichwa vya habari. Sony ilisema kwamba kufikia tarehe 6 Aprili 2014, PlayStation 4 zaidi ya milioni 7 zilikuwa zimeuzwa kwa wanunuzi, yaani watu waliozilipia na kuzipeleka nyumbani. Microsoft ilisema kwamba Xbox One zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimeuzwa kwa wauzaji wa rejareja. Mnunuzi katika tangazo la kwanza ni mchezaji, na katika tangazo la pili ni mwenye duka. Hakuna aliyesema uongo, lakini atakayetoa moja kutoka kwa nyingine anatoa vitu viwili tofauti.

Konsoli inayopitia dukani huuzwa angalau mara mbili. Kwanza mtengenezaji humuuzia msambazaji au mwenye duka, kisha mwenye duka humuuzia mchezaji, na kati ya mauzo hayo mawili konsoli inaweza kukaa siku mbili au miezi mitano, ikiwa melini, ghalani kwa msambazaji, katika stoo ya duka au rafuni. Kanuni za uhasibu humtaka mtengenezaji aandike mapato pale bidhaa inapohamia mikononi mwa mteja wake, na mteja wake kwa kawaida ni msambazaji au duka. Kwa hiyo takwimu unayoikuta katika ripoti za kila robo mwaka za Sony na Nintendo ni ya mauzo yale ya kwanza, hata pale safu ya jedwali inapoitwa "mauzo" tu. Takwimu ya mauzo ya pili haitakiwi na mhasibu yeyote. Kampuni huitoa kwa hiari, aghalabu katika taarifa kwa vyombo vya habari, na si jambo la ajabu kwamba huitoa zaidi inapokuwa ya kupendeza.

Sasa turudi kwa kaka yako. Mapema Januari 2014 Microsoft yenyewe ilisema kwamba hadi mwisho wa 2013 Xbox One zaidi ya milioni 3 zilikuwa zimefika kwa wanunuzi. Wiki chache baadaye ripoti yake ya robo mwaka iliyoishia Desemba 31 ikaonyesha kwamba konsoli hizo zilizouzwa kwa wauzaji wa rejareja zilikuwa milioni 3.9. Maana yake ni kwamba mwaka ulipofungwa kulikuwa na Xbox One karibu laki tisa zilizokwisha kuondoka kwa Microsoft bila kumfikia mchezaji yeyote (pengo halisi lilikuwa dogo kidogo, kwa kuwa "zaidi ya milioni 3" si milioni 3 kamili). Hatuwezi kudai kwamba kiasi hicho hicho kilikuwapo Aprili, kwa sababu baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka maduka hupunguza mzigo. Hata hivyo, kiasi chochote kilichokuwa kimebaki ni lazima kiondolewe kwenye ile milioni 5 kabla ya kuiweka kando ya milioni 7. Kwa hiyo ukitaka kuwa mkali, mwambie kaka yako kwamba amempunja mshindi wake mwenyewe: uongozi wa Sony ulikuwa mkubwa kuliko anavyodai.

Swali: Kama takwimu za ripoti ni za mzigo uliokwenda madukani, je, msomaji wa kawaida ana njia yoyote ya kujua ni konsoli ngapi zimelala huko bila kununuliwa?

Jibu: Anayo, mradi kampuni iwe imetoa takwimu zote mbili kwa tarehe zinazokaribiana. PlayStation 5 inafaa sana kwa zoezi hili, kwa sababu Sony imefanya hivyo zaidi ya mara moja.

Anza na mwaka 2021. Ripoti ya Sony ilionyesha kwamba kufikia Juni 30 mwaka huo ilikuwa imepeleka sokoni PlayStation 5 milioni 10.1. Kisha Sony ikatangaza kwamba kufikia Julai 18 wanunuzi walikuwa wamechukua zaidi ya milioni 10. Tofauti ni kama laki moja, na hizo zimetawanyika katika dunia nzima. Hata ukiongeza mzigo uliotoka kiwandani katika siku zile 18 za Julai, picha haibadiliki: kilichofika dukani kiliondoka karibu papo hapo. Ulikuwa wakati wa uhaba wa chipu, ambapo kiwanda ndicho kilichoamua ni konsoli ngapi ziuzwe, na takwimu za mzigo na za mauzo zilikuwa karibu kitu kimoja.

Halafu angalia miaka miwili mbele. Kufikia Juni 30, 2023 mzigo uliopelekwa sokoni ulikuwa milioni 41.7, na kufikia Julai 16 zilizouzwa kwa wanunuzi zilikuwa zimepita milioni 40. Pengo sasa ni takriban milioni 1.7, na kwa kweli ni kubwa zaidi ya hapo, kwa sababu takwimu ya mauzo imepewa siku 16 za ziada ambazo takwimu ya mzigo haikupewa. Je, hiyo ni dalili mbaya? Sidhani. Pengo la namna hii ni afadhali ulipime kwa wiki kuliko kwa idadi. Katika robo mwaka ile ya Aprili hadi Juni 2023 Sony ilipeleka sokoni konsoli milioni 3.3, ambayo ni wastani wa karibu laki mbili na nusu kwa wiki. Ikiwa wanunuzi nao walikuwa wakizichukua kwa kasi inayokaribia hiyo, milioni 1.7 ni akiba ya wiki sita au saba. Kwa bidhaa inayouzwa katika mabara yote, ambayo sehemu ya akiba yake iko ndani ya makontena muda wote, kiasi hicho hakitishi. Kilichobadilika tangu 2021 ni kwamba mtu aliyetaka konsoli sasa aliweza kuingia dukani na kuikuta.

Jihadhari na mtego mmoja. Mwaka huo huo wa 2023 Sony ilitangaza kwamba kufikia Desemba 9 PlayStation 5 zilizouzwa kwa wanunuzi zimefika milioni 50, na ripoti iliyofuata ikaonyesha kwamba mzigo kufikia Desemba 31 ulikuwa milioni 54.8. Asiyetazama tarehe atasema kwamba konsoli milioni 4.8 zilikuwa zimekwama madukani. Kati ya tarehe hizo mbili kuna wiki tatu za msimu wa sikukuu, ambazo huwa na mauzo makubwa, na bila shaka nyingi kati ya hizo milioni 4.8 zilinunuliwa ndani ya wiki hizo. Takwimu za majira ya Julai hufaa kwa hesabu hii kuliko za Desemba, kwa sababu siku kumi na sita za Julai hazina uzito wa siku ishirini na mbili za Desemba.

Na kwa kuwa umeuliza kuhusu kununuliwa, kumbuka pia kwamba hata konsoli iliyouzwa kwa mnunuzi si lazima iwe inachezwa. Wakati ule wa uhaba walanguzi walinunua PlayStation 5 na kuziuza tena kwa bei ya juu. Konsoli iliyokuwa bado ndani ya boksi chumbani kwa mlanguzi ilihesabiwa kuwa imemfikia mnunuzi, kwa sababu duka lilikuwa limekwisha kulipwa.

Swali: Nilisoma kwamba katika miezi mitatu ya mwaka 2013 Nintendo iliuza Wii U 160,000 tu duniani kote. Inawezekanaje konsoli mpya ya kampuni kubwa namna hiyo ikanunuliwa na watu wachache hivyo?

Jibu: Takwimu ni ya kweli, lakini haisemi kwamba walioinunua walikuwa 160,000. Inasema kwamba maduka na wasambazaji waliagiza na kupokea Wii U 160,000 kati ya Aprili na Juni 2013. Ili kuelewa jinsi hilo lilivyotokea inabidi urudi nyuma robo mbili.

Wii U ilianza kuuzwa Novemba 2012, na kufikia Desemba 31 Nintendo ilikuwa imepeleka sokoni milioni 3.06. Maduka yalijaza stoo kwa ajili ya sikukuu, kama yanavyofanya kila mwaka. Wateja hawakujitokeza kwa wingi uliotarajiwa, na mzigo ukabaki. Chukulia duka lenye konsoli 100 rafuni ambalo linauza 10 kwa wiki: mwenye duka hana haja ya kuagiza hata moja kwa wiki kadhaa, ingawa kila siku kuna mteja anayetoka na konsoli mkononi. Ukiwa makao makuu ya kampuni unaona sifuri. Ukiwa mlangoni pa duka unaona biashara ya kiasi. Katika robo ya Januari hadi Machi 2013 maagizo yalishuka hadi 390,000, na katika robo iliyofuata yakafika hizo 160,000 ulizozisoma. Ikiwa maduka yalikuwa yakila akiba yao katika kipindi hicho, basi walionunua walikuwa wengi kuliko takwimu inavyoonyesha.

Hapo ndipo baadhi ya watetezi wa Wii U waliposimama wakati ule, wakisema kwamba tatizo ni stoku tu na kwamba likiisha maagizo yatapanda. Hoja hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Rafu haijai yenyewe. Hujaa kwa sababu kinachoingia kimezidi kinachotoka. Nintendo ilikuwa imekadiria kuuza Wii U milioni 9 katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2013. Januari 2014 ikayashusha makadirio hayo hadi milioni 2.8, na mwaka ulipofungwa zilizouzwa zilikuwa milioni 2.72. Konsoli hiyo ilimaliza maisha yake ikiwa na milioni 13.56, ilhali Wii iliyoitangulia ilifikia milioni 101.63. Takwimu ya 160,000 ilitia chumvi udhaifu wa robo moja, lakini mwelekeo wake ulikuwa wa kweli.

Microsoft nayo ilipitia hali ya namna hiyo. Ilikuwa imejiwekea lengo la Xbox 360 milioni 10 kufikia mwisho wa 2006, na ikalivuka kwa kutangaza milioni 10.4 zilizopelekwa sokoni. Robo iliyofuata ilipeleka laki tano tu, na ile ya baada yake laki saba, hivyo kufikia Juni 30, 2007 jumla ikawa milioni 11.6, chini ya milioni 12 zilizokuwa zimelengwa kwa tarehe hiyo. Wapo waliosema kwamba kampuni iliyajaza maduka kwa makusudi ili ipate namba ya kutangaza. Kwa maoni yangu hapahitajiki hila ili jambo kama hili litokee. Wenye maduka nao huogopa kuishiwa bidhaa wiki ya mwisho ya Desemba, na watengenezaji huwatuliza kwa masharti ya malipo yasiyobana na kwa ahadi ya kuwafidia endapo bei itashushwa konsoli zikiwa bado rafuni. Pande zote mbili zinakuwa na sababu ya kuzidisha. Lakini awe amekusudia au hakukusudia, anayepeleka sokoni kuliko sokoni kunavyohitaji anakopa mauzo ya robo inayofuata, na deni hilo huonekana katika ripoti ya Machi au ya Juni.

Kwa sababu hiyo, ukiona takwimu ya Desemba inayong'aa kupita kiasi, isubiri ile ya Machi kabla ya kushangilia au kukejeli. Kwa konsoli iliyokwisha kuondolewa sokoni huna haja ya kusubiri chochote. Maduka hayawezi kuagiza miaka na miaka bila kuuza, na konsoli inapofikia mwisho wake rafu husafishwa hata kama ni kwa bei ya kutupa. Zile milioni 101.63 za Wii zilirekodiwa kama mauzo kwa wafanyabiashara, lakini leo hakuna sababu ya kufikiri kwamba kiasi cha maana hakikuishia kwa wanunuzi.

Swali: Mbona takwimu za Famitsu za Japani, au za Circana za Marekani, hazilingani na za kampuni zenyewe?

Jibu: Kwa sababu zinapima mlango mwingine. Famitsu (jarida la michezo ya video) na Circana (kampuni ya utafiti wa soko, ambayo awali soko liliifahamu kwa jina la NPD) hukusanya taarifa za mauzo kutoka kwa wauzaji, kisha hukadiria sehemu ambayo hawakuipata. Kwa hiyo wao hupima mauzo kwa mnunuzi, katika nchi moja, kwa wiki au kwa mwezi, na matokeo yao ni makadirio. Kampuni hupima mauzo kwa wafanyabiashara, duniani kote, kwa robo mwaka, na matokeo yake ni hesabu kutoka katika vitabu vyake. Takwimu hizi mbili zikilingana sawasawa ndipo ungepaswa kushangaa. Kila moja ina kazi yake: za wafuatiliaji wa soko hukuonyesha mapema kama wateja wanapungua, hata pale ambapo maagizo ya maduka bado hayajapungua.

Zingatia pia kalenda. Mwaka wa fedha wa Sony na Nintendo huanza Aprili na kuishia Machi, na wa Microsoft huanza Julai na kuishia Juni, kwa hiyo "robo ya kwanza" ya mmoja si robo ya kwanza ya mwingine. Kipindi cha sikukuu huangukia robo ya tatu kwa Sony na Nintendo, na robo ya pili kwa Microsoft.

Swali: Kila orodha ya konsoli zilizouzwa zaidi ninayoifungua ina namba tofauti. PlayStation 2 ni milioni 155 au 160? Na kwa nini siikuti Xbox One ikiwa na namba kamili?

Jibu: Kuhusu PlayStation 2, kwa miaka mingi Sony ilibaki na kauli ya zaidi ya milioni 155, iliyohesabiwa hadi Machi 2012, ingawa konsoli hiyo iliendelea kutengenezwa kwa muda baada ya hapo. Mwaka 2024 kampuni yenyewe ikaanza kutaja milioni 160. Orodha zenye milioni 155 hazikubuni; zimepitwa na wakati. Fahamu vilevile kwamba Sony ilibadili namna ya kuhesabu katikati ya maisha ya konsoli hiyo. Hadi mwaka wa fedha wa 2006 ilitangaza idadi iliyotoka viwandani, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2007 ikatangaza mauzo yaliyorekodiwa vitabuni. Kwa hiyo tangazo la Novemba 2005 kwamba PlayStation 2 imefika milioni 100 lilihusu zilizotoka kiwandani, hatua moja nyuma hata ya mlango wa duka, na si vyema kuliweka sambamba na milioni 100 ya PlayStation 4 iliyokuja baadaye kwa hesabu nyingine.

PlayStation Vita, konsoli ya mkononi ya Sony, ina tatizo la aina yake. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2012 Sony iliichanganya na PSP, konsoli ya mkononi iliyoitangulia, katika takwimu moja, na haikutoa jumla ya mwisho ya Vita peke yake. Namba yoyote kamili unayoikuta imetokana na kutenganisha kwa makadirio kile ambacho Sony ilikichanganya.

Kwa upande wa Xbox One, Microsoft iliacha kutangaza idadi ya konsoli Oktoba 2015 na kuelekeza macho ya watu kwenye idadi ya watumiaji wa huduma zake za mtandaoni kila mwezi. Hicho ni kipimo halali kwa kampuni inayouza usajili, lakini hakisemi ni konsoli ngapi ziko majumbani, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na konsoli mbili na konsoli moja inaweza kutumiwa na watu wanne. Mwaka 2022, katika nyaraka ilizowasilisha kwa mamlaka ya ushindani ya Brazil ilipokuwa ikitafuta idhini ya kuinunua kampuni ya michezo ya Activision Blizzard, Microsoft ilikiri kwamba katika kizazi kile cha PlayStation 4 na Xbox One Sony iliuza zaidi ya mara mbili ya konsoli zake. Takwimu ya PlayStation 4 tunayo: Sony iliripoti milioni 117.2 kufikia Machi 2022. Ukiigawa kwa mbili unapata kwamba Xbox One haikufika takriban milioni 58.6. Huo ni ukomo wa juu unaotokana na maneno ya Microsoft yenyewe, na orodha inayokupa namba kamili chini ya hapo inakupa makadirio ya aliyeiandika.